Shekerpare za Kula kwa Kijiko

Nilimwaga siro ya moto juu ya biskuti za moto. Mtu yeyote anayejua kupika shekerpare atashika kichwa akisoma maneno haya, na wifi yangu wa Beni, aliyenifundisha, alishika cha kwake kabisa. Mimi namshukuru Mungu kwa kosa lile mpaka leo.

Nieleze vizuri. Shekerpare ni biskuti za Waturuki, nene kidogo, za mviringo. Zinatengenezwa kwa unga wa ngano na semoule, ile ngano ya kusagwa mchangamchanga, na siagi ya kutosha. Zikiiva zinaloweshwa katika siro, ni kusema maji ya sukari yaliyochemshwa na ndimu mpaka yaanze kunata. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni mama wa biashara. Anasafiri mpaka Istanbul kununua nguo, anarudi kuziuza Beni, na mama mwenye nyumba anamofikia kule ndiye aliyemfundisha. Tangu hapo hakuna Idi wala harusi katika ukoo wa mume wangu isiyokuwa na sinia la shekerpare.

Mimi nilikuwa nazila tu. Kupika nilikataa. Sina uvumilivu wa vitu vidogo vya kuviringa mkononi kimoja kimoja; mimi ni mtu wa sufuria kubwa, moto mkali na kelele. Mume wangu anasema napika kama mtu anayegombana, na hakosei.

Kilichonifanya nipike ni baba yangu. Baba ni mkulima wa viazi na maharage kule Lubero, Mkatoliki wa benchi la mbele. Mimi nilikuja Butembo, nikaolewa na Mwislamu, dereva wa lori kati ya hapa na Beni, na nikaingia dini yake. Siku baba alipopata habari alisimama mbele ya nyumba yetu ya Lubero, majirani wanasikia, akasema: "Chakula ya ile nyumba haitapita mu kinywa yangu." Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Miaka kumi na moja ilipita. Kuja kwangu alikuja, sitamsingizia. Akileta viazi sokoni alipita, akawapakata watoto wangu, akanywa chai ya rangi, akarudi Lubero siku ileile. Chai, nadhani, hakuihesabu kuwa chakula. Ukimwekea sahani anasema, "Nilisha kula njiani." Na miaka ya karibuni alianza kukaa na kitambaa mdomoni, kuanzia anapoingia mpaka anapotoka. Nilifikiri ni harufu ya sufuria zangu inayomchukiza. Nilikuwa nikimsindikiza mpaka kwenye gari nikitabasamu, kisha narudi kupiga vyombo jikoni kana kwamba vyombo ndivyo vilivyonikosea.

Mwaka jana jicho lake la kushoto liliharibika. Lilifunikwa na wingu jeupe, tena likavimba na kutoa usaha. Tukamfikisha hospitali hapa Butembo, na daktari akasema atalipasua, lakini kwanza baba ameze vidonge siku tatu ili uvimbe ushuke. "Muzee, hii dawa ni kali," alimwambia mbele yangu. "Kula kwanza, kula vizuri, kiisha unywe. Usipokula, haitakusaidia, na sisi hatutapasua." Baba akaitika kwa kichwa, kitambaa kiko palepale.

Kwa kawaida angelala kwa kaka yangu. Lakini kaka alikuwa ameenda Manguredjipa kwa shughuli zake, na nyumba yake ilikuwa na kufuli. Basi, kwa mara ya kwanza, baba alilala kwangu. Mume wangu alikuwa Beni akipakia lori. Nilijiambia: siku tatu! Hakuna tumbo linalokataa siku tatu.

Loo, sikumjua baba yangu. Siku ya kwanza nilipika wali na mbuzi. "Nilisha kula." Siku ya pili bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu. "Nilisha kula."

"Wapi, Tata?" nikamuuliza. "Ulikula wapi? Toka asubuyi hujatoka mu hii nyumba!"

"Nilikula," akasema, akameza kidonge na chai.

Jioni ile nilimpa chai tena. Kikombe kilikuwa kinagongagonga kwenye kisahani, naye anajaribu kukitua polepole ili nisisikie. Alikuwa ameshika tumbo kwa mkono mwingine, ile dawa inamchoma. Niliogopa. Niliona wazi kwamba huyu mzee ataacha jicho lake lioze, pengine na yeye mwenyewe afe, kwa sababu ya neno alilolisema mbele ya majirani.

Nikamtumia wifi sauti kwenye simu, nusu nalia, nusu napiga kelele. Akanijibu palepale.

"Wifi, acha kulia, sikia. Anaogopa nyama yetu, njo maana yake. Umupikie shekerpare. Haiko na nyama, haiko na kuchinja, ni bunga na sukari tu. Hata askofu angekula. Si ulisema baba yako anapenda sukari?"

Anapenda kupita kiasi. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akificha kopo la sukari chini ya kitanda, baba analitafuta nyumba nzima kama polisi.

Wifi akanipa kipimo cha kila kitu, kisha akaongeza: "Mais usikie vizuri, juu nakujua. Biskuti ya moto, siro ya baridi. Siro unapika kwanza, unaacha inapoa. Moto na moto, hapana! Itakuwa bouillie, uji ya mutoto." Alilisema hilo mara tatu. Nilimjibu kwamba mimi si mtoto.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda sokoni. Muuzaji wa kwanza alinipa semoule ya mahindi, nikafika nayo nyumbani, nikaifungua, nikarudi nayo mbio kumwambia ninachokifikiria. Nilipopata ile ya ngano saa zilikuwa zimekwenda. Nikaponda siagi na sukari, nikatia yai, unga, semoule, levure ya kuumulia kidogo. Unga ulikuwa laini mkononi, nikaviringa madonge yangu nikiomba Mungu. Lozi Butembo ungezitafutia wapi? Nikabandika karanga moja moja juu. Four, ile oveni ya kuokea, sina; nilitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka bakuli pana la bati juu yake, nikafunika, makaa chini kwenye babula, jiko langu la makaa, na makaa juu ya kifuniko. Harufu ilipoanza kutoka hata mimi niliduwaa. Zilikuwa nzuri! Za rangi ya dhahabu, zimepasuka kidogo pembeni, kama zile za wifi kabisa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siro sijapika.

Nikaikimbiza jikoni: maji, sukari, ndimu, moto mkali. Ilikuwa inatokota nilipomwona baba amesimama mlangoni. Kofia kichwani, mfuko mkononi.

"Niko narudia Lubero," akasema.

"Na jicho?"

"Jicho moja inanitosha."

Ungefanya nini? Mwenye busara angemwomba akae, angeitoa siro nje kwenye baridi yetu ya Butembo, ipoe. Mimi nilishika sufuria ya siro inatokota nikaimwaga yote juu ya biskuti zinazotoka motoni. Tshwaaa! Nikafunika na kifuniko. "Kofia hiyo utoe, Tata. Dakika kumi. Dakika kumi tu, kiisha nitakusindikiza mwenyewe."

Alikaa, nadhani kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka kuliko moyo. Dakika kumi zilipotimia nikaweka sufuria mbele yake, nikafunua.

Bouillie. Hakuna biskuti hata moja iliyobaki na umbo. Uji mzito wa rangi ya asali, na karanga zangu zimelala juu yake huku na huku.

Basi nikalipuka. Sioni haya kusema. Nilimwambia baba yangu mambo ambayo mtoto hamwambii baba yake. "Miaka kumi na moja, Tata! Niliiba nini? Niliua nani? Niliolewa! Mume wangu hajanipiga, hajanifukuza, batoto banakuheshimu, na wewe unaziba pua mu nyumba yangu! Ufe na njaa kwangu ndiyo batu ba Lubero baseme ulishika neno lako? Nimekupikia kitu haina nyama, haina dini, ni sukari! Sukari tu! Na hata hiyo nimeharibu!" Nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa sauti, mama mzima wa watoto wanne.

Kilio changu kikapungua. Baba akainama juu ya sufuria.

"Hii ni nini?"

"Ilikuwa biskuti."

"Na sasa?"

"Sasa imekufa, Tata. Unaiona mwenyewe."

Akaingiza ncha ya kidole, akailamba nyuma ya kitambaa. "Leta kijiko," akasema.

Nilimletea. Akala kijiko cha kwanza polepole, mgongo wake nusu umenigeukia. Cha pili. Cha tatu kilikuwa kimejaa. Sikuthubutu kupumua, nikaogopa nikikohoa ataacha. Alikula hadi nikaona bati katikati ya sufuria, akapumzika, akaendelea pembeni. Karanga alizisukuma kando, moja baada ya nyingine.

Alipotosheka akaondoa kitambaa, akafungua mdomo, akanionyesha kwa kidole. Meno manne. Mawili juu upande mmoja, mawili chini upande mwingine, hata hayakutani.

"Sitakudanganya," akasema. "Miaka ya kwanza ilikuwa hasira. Hasira iliisha siku ulizaa ule mutoto wa pili. Mais nilisha sema mbele ya batu, nikaona haya kugeuka mbio. Nikangoja. Kungojangoja, meno ikaenda." Akacheka kidogo, kicheko cha hewa. "Unaniwekea mbuzi. Mukwe wangu anakaa pale, ananiangalia. Mukubwa muzima atafunetafune na ufizi mbele ya mukwe wake?"

"Na kule kwetu unakulaka nini?"

"Mama yako ananipondea viazi. Kiisha nakula mu chumba."

"Mama alijua?!"

"Nilimukataza kusema."

Nikaanza kucheka. Nililia na kucheka pamoja, mpaka jirani akauliza kupitia ukuta kama kuna msiba. Hakuna msiba, mama, kuna meno! Miaka yote ile nilikuwa nimebeba mzigo ambao mwenyewe alikuwa ameshautua njiani, na hakuna aliyeniambia niuweke chini. Nilipaswa kukasirika. Nilitafuta hasira, mimi ambaye sikosi hasira siku zote, nikakuta hakuna. Nilimpa kidonge chake, akakimeza na tumbo limeshiba, na baada ya muda kikombe kikatulia mkononi mwake. Niseme sasa hivi ili usingoje: nilimwomba daktari atuongeze siku mbili za dawa, siku ya tatu jicho likapasuliwa, likapona. Leo anaona viazi vyake mpaka mwisho wa shamba, na anawapigia kelele wanaokanyaga mistari.

Lakini jioni ile ilikuwa haijaisha. Baba alikuwa amerudia kijiko kwa mara ya pili lori lilipopiga honi nje. Mume wangu amefika kutoka Beni. Baba akashtuka kama mtoto aliyekamatwa na kopo la sukari. Akatafuta kitambaa mapajani, kwenye kiti, chini ya kiti.

Mume wangu aliingia na vumbi lake, akavua viatu. "Jambo, Papa." Macho yake yakaenda kwenye sufuria. Yeye amekulia kwenye shekerpare za dada yake, anajua zinavyopaswa kuwa. Nilimkazia macho nyuma ya mgongo wa baba: ole wako useme neno moja! Hakusema. Akaona kijiko mkononi mwa mzee, akaona midomo yenye siro, akaelewa kwamba kuna jambo. Na kwetu mkwe haingii tu kwenye chakula cha baba mkwe wake pasipo kuitwa. Akarudi nyuma hatua moja, akashika mlango ili amwache mzee amalize kwa amani.

Baba alikuwa amekipata kitambaa. Alikiangalia, akakikunja, akakitia mfukoni. Kisha akainua uso, mdomo wazi, meno yake manne nje mbele ya sisi sote.

"Mukwe wangu, unaenda wapi? Kaa, tukule." Akasukuma sufuria katikati ya meza, akanigeukia mimi. "Na wewe unasimama kufanya nini? Leta kijiko ya bwana yako."

Jikoni ni hatua tano kutoka pale mezani. Nilikimbia.