Rael Alivyotolewa Kwenye Mpira wa Magongo

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule akiwa amenyeshewa, akatundika sweta yake kwenye kiti karibu na jiko. Haikuchukua muda chumba kizima kikanuka sufu mbichi na jasho la mtoto. Niliacha kumenya viazi, nikakaa tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi zetu zote pale Nakuru, nilipokuwa msichana mwenye vidonda vya magoti na meno ya mbele makubwa kuliko uso wake.

Tuliishi landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa safu kwa safu, familia mbili ukuta mmoja. Nyuma yake kulikuwa na kiwanja cha nyasi fupi, na upepo wa kutoka ziwani ulipovuma ulituletea vumbi jeupe lenye ladha ya magadi. Hapo ndipo Mwalimu Rebeka alipotufundisha mpira wa magongo. Alikuwa bado kijana, ametoka chuo cha misheni ambako alijifunza mchezo huo, na alifika shuleni kwetu na magongo machache ya dukani na mpira mmoja mgumu kama jiwe. Magongo mengine tulichongewa na baba zetu kutoka matawi ya mzeituni wa msituni. Langu lilipinda upande usiofaa, kwa hivyo kila nilipopiga, mpira uliwaendea wapinzani.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapigania uhuru. Watu wazima waliongea kwa sauti ya chini, na akina mama hawakutaka tupotee machoni. Mwalimu alilijua hilo, na kwake kulikuwa na sheria zilizotangulia sheria za mchezo. Usiinue gongo karibu na uso wa mtu. Usimcheke anayelia. Usirudi nyumbani peke yako. "Kila mtu na mwenzake," alikuwa akisema. "Mwenzako asipoonekana, mpira unasimama." Na kweli ulisimama, hata kama mwenzako alikuwa ameenda chooni tu.

Mwenzangu alikuwa Rael, jirani yetu wa ukuta mmoja. Baba yake alifanya kazi kwenye treni na hakuonekana nyumbani mara nyingi. Mama yake, Mama Rael, alipika uji na kuwauzia watu wa karakana. Rael alikuwa mwembamba, mwenye mbio za swala, na alikuwa na kifafa.

Siku ya kwanza kumwona akianguka uwanjani sote tulitoroka. Mwalimu hakutoroka. Alipiga magoti kando yake na kutuita kwa sauti ile ile aliyotuitia hesabu. "Njooni. Ndugu yangu alikuwa na ugonjwa huu, na mimi nimelala naye kitanda kimoja. Hauambukizi. Njooni mwone vile mtu anasaidiwa."

Akatufundisha. Magongo yaondolewe karibu naye. Asibanwe, asiwekewe kitu mdomoni. Akitulia alazwe ubavu, na mtu mmoja amwite jina polepole mpaka arudi. Kila msichana alikuwa na kazi yake, na yangu ilikuwa kuvua sweta na kuiweka chini ya kichwa chake. Kwa hivyo sweta yangu ilikuwa na mate ya Rael na majani makavu siku zote, na mama alinigombeza bila kujua sababu. Rael alipofumbua macho aliuliza jambo moja tu: "Nani anaongoza?" Nasi tulimjibu, "Ni sisi," hata siku tulizokuwa tumefungwa vibaya sana. Kisha alikaa chini ya mti na mwenzake, yaani mimi, tukila mahindi ya kuchoma.

Halafu wasichana wa Njoro wakaja kucheza nasi. Landi nzima ilitoka kutazama: akina baba na kofia zao za kanisani, akina mama na leso mpya. Rael alikuwa akikimbia na mpira pembeni, watu wakishangilia, alipoanguka.

Nilianza kuvua sweta huku nakimbia. Sikufika. Mama alitokea katikati ya watu, akanikamata mkono kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Usimguse! Lile povu litakuingia!"

"Mama, niache, ni kazi yangu! Kichwa chake!"

Kila mama alikuwa ameshika binti yake. Tulikuwa kama kuku walioning'inizwa sokoni, tunapiga kelele na hakuna anayesikia. Mwalimu Rebeka alikuwa upande wa pili wa uwanja, akihangaika kupenya ukuta wa migongo. Hapo kati Rael alipigapiga kichwa kwenye udongo mgumu, peke yake, na mwanamume mmoja akasukuma mpini wa gongo kati ya meno yake akidhani anamwokoa. Nilisikia jino likikatika. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona sikio lake limejaa vumbi, na sikuweza kusogea.

Kesho yake, baada ya kanisa, wazee wa landi walikutana sebuleni kwetu, maana baba yangu, Mzee Zakaria, alikuwa nyapara na mzee wa kanisa. Mimi na wasichana wenzangu tulikuwa tumesimama jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo.

"Hakuna anayemchukia huyu mtoto," baba alisema. Alikuwa mtu mpole. Hata punda hakumpiga. "Tunamlinda. Kinga ni bora kuliko tiba. Acha akae nyumbani, mahali hapana magongo wala mawe."

"Mzee," Mwalimu Rebeka akasema, "wale wasichana wanajua la kufanya. Waiteni muwaulize."

Mtu akacheka kidogo. "Sasa mwalimu, wazee tukaulize watoto?"

Baba hakucheka. Alimgeukia Mama Rael. "Na wewe mama, unasemaje?"

"Nyinyi ndio wazee," Mama Rael akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko uchovu wa siku moja.

Mwalimu hakusema tena. Nilimchukia kwa kimya kile kwa miaka mingi.

Tangu hapo Rael alituangalia akiwa mlangoni kwao. Mwalimu aliwaomba wazee wamruhusu walau aje akae pembeni ya uwanja, wakakataa. Mimi nikapewa mwenzangu mwingine, msichana mzuri tu, ambaye jina lake leo silikumbuki.

Jumamosi moja tulikuwa tukicheza tuliposikia mayowe kutoka upande wa nyumba zetu. Mama Rael alikuwa ameenda bombani kuchota maji, akamwacha binti yake akoroge uji. Rael alianguka pale jikoni, mkono wa kulia ndani ya moto. Hapakuwa na mtu wa kumvuta.

Tulifika tukihema, wasichana wote. Tulisimama pale na magongo yetu. Majirani walikuwa wameshamfunga shuka. Safari hii hakuna mama aliyetushika, na hatukuwa na la kufanya. Baba ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali, akikimbia, kofia ikaanguka njiani na hakuirudia.

Rael alipona, lakini vidole vilishikana. Alipelekwa kwa nyanya yake Mau Narok, juu ya lori la mbegu za viazi, na lori lilipoondoka alinipungia mkono ule mwingine. Yuko huko hadi leo, ana watoto na ng'ombe.

Baba aliniuliza juu yake mara moja tu, alipokuwa mzee sana na tumekaa wawili juani.

"Yule mtoto wa jirani. Mkono wake ulinyooka?"

"Haukunyooka, baba."

Alitazama viatu vyake. "Niliogopa," akasema. "Hatukujua la kufanya, na mimi ndiye niliyetazamiwa."

Nilikuwa nimekua nikiamini kwamba siku ile sebuleni wakubwa walijua kitu ambacho sisi hatukukijua, kisha wakachagua vibaya. Kumbe waliogopa sawasawa. Mama aliogopa, ndiyo maana alinishika mkono. Baba aliogopa, akashika methali. Na Mwalimu Rebeka alikuwa msichana tu mbele ya wanaume wenye umri wa baba yake, anayeweza kufukuzwa kazi kesho. Katika landi nzima, waliojua la kufanya mtu akianguka walikuwa wasichana wadogo wenye sweta chafu. Tulikuwa nyuma ya mlango, tumesimama, tunangoja kuitwa.