Niligoma kufungua gunia la nano kiwandani Thika, na sijaomba msamaha

Niaje wakuu. Mimi ni mtu wa Kiganjo, nimechanganya rangi za nyumba kwa kiwanda kimoja Thika miaka saba. Jina la kiwanda siweki. Hayo mengine yote ni vile yalitokea.

Mwaka jana tuliletewa powder mpya. Supervisor akatuambia ni nano, chembe zake ni ndogo hata hadubini ya shule haizioni, na ukiichanganya na rangi ukuta haushiki uchafu.

Mimi nilifurahi. Napenda vitu vipya.

Gunia la kwanza lilifunguliwa na Nekesa, mama mmoja kutoka Bungoma tuliyekuwa naye line moja. Ile powder haikuanguka chini kama simiti. Ilipanda ikabaki hewani kama moshi. Na sisi tulikuwa na mask za kitambaa tu, zile za kufua na kuanika.

Nekesa alikohoa wiki nzima.

Kwa carton iliyokuja pamoja na magunia nikapata karatasi ya maagizo, Kiingereza kigumu. Niliisoma lunch hour na dictionary ya simu. Ilisema powder inaweza kufika ndani kabisa ya mapafu, kwa hivyo mfanyakazi avae mask ya filter na pawe na feni ya kuvuta vumbi.

Hatukuwa na chochote kati ya hivyo.

Nikampelekea supervisor. Akaniuliza, "Wewe ni mixer ama ni daktari?"

Nikamwambia, "Ni mixer. Na hilo gunia sifungui."

Akanituma nyumbani. Bibi yangu akauliza kama nimefutwa, nikamwambia sijui. Sitadanganya, niliogopa. Lakini nilikaa kwa kiti nikaitafsiri ile karatasi kwa Kiswahili na Kikuyu, nikaituma kwa group ya WhatsApp ya wafanyakazi.

Kesho yake asubuhi nikarudi. Shift nzima ilikuwa imesimama kando ya magunia, hakuna mtu anagusa. Manager akashuka kutoka ofisi.

"Shida iko wapi? Hii ni powder tu."

Nekesa akavua mask yake, akamnyooshea. "Basi vaa hii yangu, boss, ufungue moja tuone."

Manager aliiangalia ile mask. Hakuichukua.

Siku hiyo magunia yalirudishwa store. Mask za filter na feni zilikuja baada ya wiki tatu. Mimi nikahamishiwa loading, kupakia lori, na najua kwa nini. Nekesa hukohoa hadi leo kukiwa na baridi, na daktari hakuweza kusema kama ni ile powder au la.

Wakuu, sipingi nano. Rangi yenyewe ni nzuri. Napinga sisi kufanywa watu wa kujaribiwa. Anayeleta kitu kisichoonekana ndiye anafaa kutuhakikishia kiko salama, si sisi tumhakikishie na mapafu yetu.

Watu wa viwanda vya Ruiru na kwingine, mnafungua nini huko, na ni nani amewasomea karatasi yake? Wekeni hapa chini. Mkiogopa, andikeni bila jina, lakini andikeni.