Kaseti Yenye Ilitungojea

Kuingia mu chumba ya mashini tulikuwa tunavua biatu. Hakuna muntu alituambia. Siku ya kwanza mwenzetu moja alivua, tukamuona, na sisi bote tukavua, tukaacha biatu ku mulango kama bantu benye banaingia ku musikiti kule Bugarama. Ordinatere, zile kompyuta, zilikuwa sita. Kila moja ilikuwa na kitambaa yake ya kufuma, ile bamaman banaweka juu ya kanape. Tulikuwa tunaitoa polepole, tunakunja, kiisha tunatazama.

Kutazama tu. Kuran ya umeme ilikuwa inakuya na kwenda kama mugeni, na mwalimu wa mashini aliogopa tubonyeze kitu. Alichora klavye ku ubao na chaki, akasema tufunge macho, tutafute herufi na bidole mu hewa. Kelasi muzima, bidole mu hewa. Mimi sina uvumilivu, nilikuwa nafungua jicho moja. Lakini sitasema uongo: ata ile ekra, kioo ya mashini, yenye ilizimika ilikuwa inanitetemesha. Nilikuwa naona sura yangu ndani, nafikiri, siku moja hii kitu itanijibu.

Tulikuwa tunasoma uinfirmye, kazi ya kuuguza bagonjwa, mwaka ya kwanza, pale Cyangugu. Ni ile miaka yenye huku kwetu bantu balikuwa bangali banatafuta babo ya kuzika, na kule ng'ambo ya muto, Kongo, vita ilikuwa inaanza. Bengi ya kelasi tulizaliwa Kongo, tukarudi na bazazi. Mimi nilikomalia Bukavu. Ku dirisha ya kelasi nilikuwa naona mutaa yetu ya zamani ng'ambo ya muto, ata nguo za bantu ku kamba.

Profesa wetu mwenye alitufundisha namna mwili inatumika, alikuwa anaishi kule. Kila juma alikuwa anavuka mupaka ku Rusizi ya Pili na miguu, makaratasi yake mu sashe ya plastiki. Alikuwa na tabia ya balimu bote ya huku: anaanza sentensi, hamalizi, anangojea kelasi imalize.

"Damu inatoka ku moyo, inapanda mu…"

"Mapafu," tunasema.

Anaweka mukono ku sikio. "Sijasikia."

"Mapafu," kwa nguvu, mpaka mbuzi za jirani zinainua kichwa.

Kiisha barieri ya mupaka ikafungwa. Nyuma ya siku kidogo bakafungua asubui tu, kwa bamaman ya biashara ndogo, benye kubeba sambaza, bile bisamaki bidogo, na majani ya sombe ku kichwa. Mwanaume mwenye diplome hakupita. Nusu ya kozi ikabaki ng'ambo.

Direktere wa masomo alituita. "Kozi haimalizike, egzame hakuna. Egzame hakuna, mutarudia mwaka."

Ku nyumba maman alisikia, akaendelea kuchagua maharagi. "Kurudia ni ya batoto ya bakubwa," akasema. "Weye utashuka Bugarama ku shangazi yako. Mupunga unaomba mikono."

Hakukasirika. Njo kitu iliniogopesha. Nilikuwa na haraka ya kuwa muntu, na nilikuwa naona magoti yangu mu maji ya mupunga, mwaka ile na yenye inafuata.

Direktere alitafuta dawa. Ku mizigo yenye ilikuya na ordinatere kulikuwa diski moja, filme ya mwili. Tukavua biatu, tukatoa kitambaa, kelasi bote mbele ya ekra moja, bengine juu ya magoti ya bengine. Na moyo ikapiga.

Sijui nitaeleza namna gani. Tulikuwa tumeona moyo ku ubao tu, kama viazi yenye imekatwa. Hapa ilikuwa nyekundu, inajikunja, inafunguka, damu inapita kama bantu ku soko. Muvulana moja mbele aliweka mukono ku kifua chake, akaangalia kama inaenda pamoja na ile ya ekra.

Lakini sauti ya filme, sauti ya maman moja wa Ulaya, ilikuwa inakimbia. Hakuuliza kitu. Aliuliza na akajibu yeye mwenyewe. Akamaliza moyo, akaingia mu mapafu, akatoka, akafika ku figo, na kuran ikakatika. Tulitoka nje tunafurahi kama bantu balitoka ku arusi. Direktere akatupa majaribio kesho yake. Karibu bote tulianguka. Mimi niliandika kama moyo ni nyekundu.

"Filme ilisema yote," direktere akasema.

"Ndiyo, Papa Direktere," nikajibu. "Ilisema peke yake."

Ni maman moja wa sambaza mwenye alileta kaseti. Alimukuta profesa kule, ni jirani yake, na profesa akamupa aifiche chini ya samaki. Ku barieri askari aliiona, akasema ni mambo ya politike. Akaiweka mu redio yake. Maman alituhadisia na mikono bado inanuka: "Nilikuwa nasema rozari mu roho. Askari akasikiliza, akasikiliza. Kiisha akaniuliza kama kuna ingine inakuya."

Redio-kaseti ilikuwa ya Mzee wa funguo, mwenye kulinda chumba ya mashini. Aliipenda kuliko bibi yake, bantu balisema, na majiwe za redio, zile betri, alizipasha moto ku jua ili zirudishe nguvu. Akaiweka ku meza katikati ya ordinatere.

"Leo mapafu inanuka sambaza," moja akasema, tukacheka.

Sauti ikatoka. "Muikale."

Benye balikuwa bamesimama bakaikala. Bila kufikiri.

"Tuliacha ku moyo. Moyo iko na byumba…"

Kiisha kimya. Upepo ya kaseti tu, na jogoo mbali, jogoo ya Bukavu.

"Majiwe zimekufa," Mzee akasema, akabonyeza kupeleka mbele. Sauti ikarudi: "Muzuri. Na byumba ya chini tunabiita…" Kimya tena. Mzee akapeleka mbele. "Apana bote mara moja," sauti ikasema.

Tukaangaliana. "Profesa amechoka na vita," moja akanongona. "Anazungumza peke yake." Na mimi nilikuwa nahesabu mu kichwa: kama hii kaseti ni ya muntu mwenye kuchanganyikiwa, basi ni mupunga.

Kulikuwa musichana moja wa nyuma, mwenye kusema mara moja mu mwezi. Akasema, "Mzee, rudisha."

"Majiwe, mutoto wangu."

"Rudisha, Mzee, tafazali."

Akarudisha.

"Moyo iko na byumba…"

Kimya. Na yule musichana, sauti ndogo, kama anajibu ku misa: "Bine."

Redio ikasema: "Sijasikia."

Manywele ilisimama ku shingo yangu. Profesa alikuwa ameikala kule ng'ambo, peke yake na mashini yake, alitungojea, na alijua kama mara ya kwanza tutajibu na sauti ndogo, juu ni vile tunafanyaka. Tukajibu bote, kwa nguvu: "Bine."

"Muzuri," redio ikasema. "Na byumba ya chini tunabiita…"

Mzee akatoa kofia yake, akaishika ku kifua, na hakugusa tena ile butoni mpaka kaseti ilimalizika.

Tangu pale kaseti zilipita muto. Upande moja profesa, upande ya pili sisi: maulizo yetu, na kikohozi yetu, na siku moja mvua ku mabati mpaka hatukusikia kitu. Alijibu: "Ile mvua niliisikia. Ilikuwa inaninyeshea na mimi." Nilienda ku dirisha, nikaangalia mulima ya ng'ambo. Maisha yangu yote ilikuwa pale. Nilikuwa sijawai kufikiri kama wingu moja inatufunika sisi bote.

Lakini direktere hakutaka kuhesabu kaseti kama kozi. "Masomo ya juu," alisema, "haitoki mu beseni ya samaki." Egzame ilikuwa inakaribia na yeye alikuwa bado anasema, tutaona.

Njo bageni bakakuya, papa moja na maman moja kutoka Kigali, bakubwa ya ile projet yenye ilituletea ordinatere. Balitaka kusikia banafunzi. Direktere alituita mbele: "Mutaomba Interneti. Na mashini zingine kumi." Nilikuwa kiongozi wa kelasi, nikasema ndiyo.

Yule maman mugeni alivua biatu yake alipoona zetu ku mulango. Akauliza: "Munapenda mashini ibasaidie namna gani mu masomo yenu?"

Nilifungua kinywa niseme Interneti. Nikaona redio ya Mzee pale ku meza. Nikasema, "Maman, tunapenda mashini yenye inatungojea."

Direktere akakohoa.

Nikaendelea, haraka juu niliogopa. Nikasema filme yao ni kitu ya ajabu, sitaisahau mpaka kufa, lakini inatupita kama gari ya bakubwa, inatuachia vumbi. Nikasema mwalimu wetu iko mu kaseti na tunamusikia vizuri kuliko ile ekra, juu anatuachia nafasi ya kujibu. Nikasema hatutaki mashini ikamate nafasi yake. Tunataka imuvushe muto.

Maman mugeni hakuandika kitu. Alisema, "Lakini filme pia inaweza kungojea. Kuna butoni ya kuisimamisha. Na ingine ya kuzima sauti."

Tuliangalia mwalimu wa mashini. Yeye aliangalia bidole byake.

"Hatukuwai kugusa," nikasema.

"Basi guseni."

Akatia filme, akazima sauti, akashika mukono yangu, akaiweka juu ya butoni. Nilibonyeza na moyo ikasimama katikati ya kupiga. Nikabonyeza tena, ikaendelea. Mzee, bila kuombwa, akatia kaseti. Filme bila sauti, profesa bila sura: moyo inafunguka mu ekra, na kutoka ng'ambo ya vita sauti inasema, "Hapa damu inaingia upande wa…" Nikasimamisha filme. "Kuume," kelasi ikasema, na bageni nabo, na nilisikia nyuma yangu direktere, sauti ndogo: "Kuume."

"Sijasikia," kaseti ikasema.

Direktere akacheka. Siku ile alikubali, kozi ni kozi, na Mzee akapata ruhusa ya kutuachia chumba wazi kila siku nyuma ya saa sita.

Mbele ya egzame barieri ikafunguliwa kwa bantu bote. Profesa alivuka, amekonda, sashe yake ileile. Egzame ilikuwa ya kinywa, moja moja. Aliniambia nieleze safari ya damu. Nilikimbia nayo, moyo, mapafu, moyo, mwili, bila kupumua. Akaweka mukono ku sikio.

"Sijasikia."

Nikarudia. Polepole, chumba kwa chumba.

"Muzuri," akasema, akaandika, na nilijua kama sitashuka Bugarama.

Bote tulipomaliza aliomba kuona mashini. Alivua biatu, soksi yake ilikuwa na tundu. Nilitoa kitambaa, nikaweka filme, nikazima sauti. Alikuwa amechora moyo na chaki miaka yote ya kazi yake. Sasa iliikala mbele yake, nyekundu, inapiga. Akainua kidole kuonyesha kitu, akaanza, "Hapa, valve, ule mulango ya damu, ina…"

Hakumaliza. Macho ilikuwa ku ekra tu.

Na sisi hatukujibu. Tulimungojea.