Kahawa ya Mama Niliyomnyima Shemeji

Mama alikuwa amelazwa Muleba. Aliniruhusu niende Kampala kufuata vitenge vya duka langu la Bukoba kwa sharti moja: kila siku mchana anione kwenye simu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, naenda na shemeji, mdogo wa mume wangu, mzoefu wa njia ile.

Kumbe nilijidanganya. Tulipovuka Mutukula mtandao wa kwetu ukanisindikiza kidogo, kisha ukanitupa. Muuza laini upande wa Uganda akataka pasipoti, na mimi nilikuwa na kibali cha karatasi tu. Nikaanza kubishana naye, shemeji akanivuta mkono. "Achana naye, shemeji. Mimi nina laini ya huku, nitakuwashia hotspoti. Kwani mimi ni mtu baki?"

Siku ya kwanza aliwasha, mama akaniona, akacheka. Siku ya pili nikamkuta gesti amejilaza, anatazama mpira kwenye simu. "Bando linaisha, shemeji. Mama atakuona kesho." Nilimbembeleza, mwanamke mzima mimi, nusura nipige magoti. Akageukia ukutani na mpira wake. Mtu na akili zake!

Kesho yake tukarudi. Pale Mutukula simu yangu ikafufuka, ujumbe wa dada yangu ukaingia mfululizo. Mama alikuwa amefariki jana ile ile jioni, akiuliza mbona sionekani. Mmoja ulikuwa wa sauti, ya mama mwenyewe. Sikuthubutu kuufungua.

Baada ya maziko nikapitisha kikapu cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kutoka mibuni ya mama. Kwetu mgeni hanyimwi kahawa, hata kama mna ugomvi. Nikampa aliyekaa kulia kwa shemeji, nikampa wa kushoto. Yeye alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikasema wote wasikie: "Inaisha, shemeji. Utapata kesho." Na kikapu kilikuwa kimejaa! Wazee wakaguna, mume wangu akainamisha kichwa. Shemeji akakunja uso. Ehe! Mkuki kwa nguruwe! Nilisikia raha, sitaki kudanganya. Raha kweli kweli.

Watu walipotawanyika nikaingia chumbani kwa mama, nikaufungua ule ujumbe. Alikuwa anahema. "Mwanangu, leo sijakuona. Najua ni mtandao tu. Huyo shemeji yako Mungu ambariki, waitu, kwa kukutunza ugenini. Mkirudi, akamwani yangu ya kwanza mpe yeye."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Dada alidhani ni uchungu wa msiba, sikumweleza.

Shemeji bado anakuja kwetu Bukoba kila sikukuu. Anakaa na wenzake, ananyoosha mkono, na kikapu kinampita. Nisamehe, mama. Mpaka leo sijampa.