Baiskeli Sita za Kuazima

Walisema sitaweza. Baba yangu mdogo alilisema hilo kilabuni, mbele ya watu: "Wazungu wanapita Karatu kwenda kreta kuona simba, na wewe unataka kuwaendesha baiskeli huku kijijini kwetu Buger? Baiskeli ni ya kubebea majani ya ng'ombe!" Watu wakacheka. Kuanzia siku hiyo wakaniita Mfaransa.

Niliwaacha wacheke. Nina stashahada ya utalii niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha magari ya safari, na katika kata yetu hakuna mwingine aliyewahi kufanya kazi misimu miwili Ufaransa. Kule nilichuma zabibu, na Jumapili niliongoza watalii wa baiskeli kutoka shamba moja la mizabibu hadi jingine. Njia nyembamba, hakuna vumbi, hakuna haraka. Mkifika, mwenye shamba anawamiminia divai kidogo tu kwenye glasi. Unainusa, unaizungusha mdomoni, ukitaka unaitema ndooni, unashukuru, unapanda baiskeli yako. Hakuna anayeuliza kwa nini hukumaliza. Nikasema moyoni, hii kazi nitaipeleka nyumbani, kwa sababu pombe yetu ya asali haizidiwi na divai ya mtu yeyote.

Niliporudi nilikosa baiskeli tu. Nikaazima sita kwa majirani sita, tano za wageni na moja yangu. Nilitaka kuwalipa kodi, wakakataa.

"Kodi ya nini, mwanangu?" alisema mama mmoja mjane anayesifika kwa kutengeneza pombe. "Wewe walete wageni wako wanywe kwangu."

Watano wengine wakataka hivyo hivyo. Nikakubali kote, tena kwa furaha. Hapo ndipo nilipojifunga.

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, halafu kibuyu huzunguka mkono kwa mkono, na hakiwekwi chini kikiwa na kitu. Nimezaliwa katika desturi hiyo. Lakini siku ya kwanza niliwafundisha wageni kama nilivyofundishwa Ufaransa: onja, tema. Tulipofika kwa yule mama, mgeni mmoja, binti mwenye adabu zake, akasukutua, akatema chini pale mlangoni.

Mama akasimama. "Pombe yangu ina nini?"

"Haina kitu, mama. Ni desturi yao."

"Na yako ni ipi?"

Akanipa kibuyu. Nikakimaliza peke yangu huku majirani wakihesabu mafunda.

Tangu hapo nikawa mimi ndiye wa kumalizia. Wageni wanaonja, mimi nakunywa, nyumba sita kwa safari moja. Tukifika ya nne, miguu si yangu tena. Safari niliyoipanga ya nusu siku ikawa inaisha jua likizama, na meneja wa hoteli aliyekuwa akinipa wageni akanionya kwamba nikiwachelewesha tena nisikanyage kwake. Nikajaribu kuiruka nyumba moja, moja tu. Kesho yake mwenye nyumba hiyo alitusubiri barabarani, akashika usukani wa baiskeli yake, iliyopandwa na mgeni mmoja.

"Mama, shuka," akamwambia mgeni kwa Kiswahili. "Hii ni yangu."

Mgeni akashuka. Nikampa niliyopanda mimi, nikakimbia kwa miguu nyuma yao hadi nyumba ya kwanza, na pale nikanywa, na kwake pia nikanywa, ndipo akanirudishia baiskeli. Nilikunywa jasho likinitiririka, natabasamu, naeleza kwa Kifaransa changu safi jinsi asali inavyochachushwa. Nilivuka bahari peke yangu, na sasa sikuweza kukata kona bila ruhusa ya watu sita.

Sikumlalamikia mtu. Niliweka akiba kila safari, misimu miwili, hadi nikaenda Arusha na kurudi na baiskeli sita za gia juu ya lori la fuso. Zangu. Kisha nikazirudisha zile za watu, zote siku moja. Kwetu cha kuazima hakirudi kitupu, kwa hiyo kila moja niliivalisha matairi mapya na kufunga debe la mahindi kwenye keria. Nilipeleka moja, nikarudi kwa miguu, nikachukua nyingine.

Ya mwisho ilikuwa ya yule mama. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Umeniheshimu," akasema. "Haya, kesho mnapita saa ngapi?"

Mdomo ulishaanza kusema saa nne. Nikaufunga kwanza.

"Kesho hatupiti, mama. Nitakuja mwenyewe, siku nikiwa na kiu."

Akaisukuma baiskeli ndani, na debe lake juu, akarudishia mlango. Nikateremka kilima mikono mitupu, mlango kwa mlango, na hakuna aliyeniita.