Roketi Niliyoirusha Karibu na Ulezi wa Mama Mkwe

Nina mke na watoto wanne sasa, lakini mtu akitaja roketi mbele yangu natafuta pa kuuficha uso. Cheka tu, kijiji kizima cha Mollo walishanicheka.

Ilikuwa miaka ile biashara imeachiwa huru na soko la Sumbawanga limefurika mitumba, na mimi, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, nikakuta kwenye robota la nguo za watoto boksi lililobanwa na masweta, ndani yake roketi ya kuunga mwenyewe: bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi, pua ya plastiki, parachuti ndogo na injini moja tu, saizi ya betri ya redio. Niliiunga jioni tatu, kijitabu cha maelekezo magotini, gundi vidoleni, nikijiona profesa. Kijitabu kilisema usirushe siku ya upepo. (Mwezi wa saba, Ufipa, siku isiyo na upepo utaitoa wapi?)

Ningerusha shuleni yangeisha, lakini hapana, nikataka niwaonyeshe kina Anjela, mchumba wangu. Mahari ilishapokelewa, tulingoja tu ulezi upurwe, pombe ya harusi ipikwe. Mama yake alikuwa mjane, na ulezi wake wa mwaka mzima, wa kula, wa mbegu na wa harusi yetu, ulikuwa lundo moja ukingoni mwa shamba. Mimi na yeye hatukuwahi kusemezana. Kwa heshima ya ukwe tuliyolelewa nayo, tukionana njiani mmoja anachepuka, kushikana mkono ndiyo mwiko kabisa, na akiwa na neno anampa Anjela aniletee.

Basi Jumapili mchana nimesimika fimbo ya kurushia, watu wamejaa, Anjela akaja.

"Mama anasema uhamie kule bondeni, hapa ni karibu na ulezi."

"Mwambie asihofu. Upepo unatoka kwenye ulezi kuja kwetu, utaipeleka mbali."

"Hama tu, Mwalimu. Kwani miguu inakuuma?"

Ningehama! Lakini mwalimu wa sayansi afundishwe habari za upepo na mama asiyejua kusoma, mbele ya wanafunzi wake? (Ndivyo nilivyowaza, na naona haya kuandika.) Nikagusisha waya kwenye betri. Ikatoka, fyuu, watu wakashangilia, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba upepo ukiyasukuma yale mapezi ya mkiani, pua inageukia kule upepo unakotoka. Roketi ikalala hewani, ikaenda moja kwa moja kujichomeka kwenye lundo, injini bado inawaka.

Nilipiga moto kwa koti, koti likaungua, nikavua suruali. Ndiyo, suruali. Mbele ya mama mkwe, katekista na darasa la sita zima, mwalimu nina chupi iliyotoboka, napiga moto huku nalia, na wengine wanamwaga maji na udongo huku wanacheka. Upepo ulitushinda wote. Tuliokoa ulezi wa kujaa ungo mmoja.

Mama yake Anjela akaja hadi niliposimama. Nilitaka kuchepuka, sikuwa na suruali wala pa kwenda. Akanitazama machoni, akanyoosha mkono wenye majivu, akaushika wangu.

"Habari za mchana, Mwalimu," akasema, kama anavyosalimiwa mpita njia.

Kicheko kilikatika palepale, maana kila mtu alijua mkwe hashikwi mkono. Anjela akajifunika khanga usoni. Wiki ile ile mahari ikarudishwa.

Nimeapa sirushi kitu tena, hata kishada sijawatengenezea wanangu, na mtu akiniambia hama, nahama bila kuuliza. Nimechelewa. Anjela aliolewa kijiji cha Chala mwaka uliofuata. Mama yake tunakutana sokoni, nampa shikamoo, anaitikia na kunishika mkono kwa adabu kabisa, na kila mara natamani angechepuka.