Ng'ombe Aliyebaki Masisi

Hadi leo nikinusa turubai lililopigwa jua la saa sita, ninarudi Nyamyumba, kwenye ua wa kina Klotilda. Miaka ile, baada ya vita, sherehe zetu za Gisenyi zilifanyika chini ya maturubai yaliyobaki kutoka kambi za wakimbizi, yameshikiliwa na miti ya mkaratusi. Palinuka plastiki, majani mabichi na pombe ya ndizi, na sisi watoto tulitoka jasho ndani ya nguo za Jumapili.

Siku moja tulikwenda kumposea kaka yangu Fideli huyo Klotilda. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijiona msimamizi mkuu.

Kwetu posa haikamiliki mpaka upande wa mvulana usimamishe mtu wa kumsifia ng'ombe wa mahari: pembe zake, mwendo wake, mama yake na bibi yake. Tatizo ni kwamba ng'ombe mwenyewe hatukuwa naye. Wetu wote walibaki Masisi tulipoikimbia Kongo. Wengi walikuwa katika hali hiyo, ila hakuna aliyeitamka. Msifiaji alisifu, wazee wakaitikia, na ng'ombe akachukuliwa kuwa amefika. Baba alikuwa amepata msifiaji hodari, lakini asubuhi hiyo mafua yakamkaba sauti. Akabaki kaka yangu mwingine, Damasi.

Damasi alikuwa aibu ya nyumba. Kila Jumapili alikwenda Mahoko, nyuma ya karakana ya seremala, ambako vijana waliorudi kutoka Kongo, Uganda na Tanzania walisomeana mashairi. Walikuwa na sheria moja: usiandike usichokiona. Basi waliandika juu ya foleni ya maji, viatu vya mitumba, viti vya mezani visivyo na mtu. Wazee waliwaita wahuni wa daftari. Mama alisema heri angevuta bangi, maana bangi angalau huisha kichwani.

Baba alimvuta kando. "We Damasi, usituletee mambo ya Mahoko. Sifia ngombe, basi."

Damasi akasimama. Alianza vizuri, pembe na mwendo, wazee wakaitikia kwa raha. Kisha akashusha fimbo ya msifiaji.

"Bon, wazee wangu," akasema, "ngombe haiko. Ile ya mwisho tuliiachaka Masisi. Ilikuwa inaitwa Gaju. Tuliifungua kamba, ikatufuata mupaka kwa muto. Haikuvuka."

Akakaa. Baba alitazama viatu vyake. Fideli alikuwa amempenda Klotilda miaka miwili, na mimi niliona wazi kwamba mke anatuponyoka hivihivi, kwa ajili ya mashairi. Nilimchukia Damasi kwa moyo wangu wote.

Ndipo baba yake Klotilda, mvuvi, mzee asiye na maneno mengi, akainua kichwa. "Ya kwangu ilikuwa inaitwa Bihogo," akasema polepole. "Nayo haikuvuka."

Mzee wa pembeni yake akamtaja wa kwake. Mwingine akafuata. Mwishowe hata mama mmoja wa nyuma, mahali ambapo wanawake hawakutarajiwa kusema, alitaja jina, akajifunika uso kwa kitenge. Majina yakazunguka turubai lote. Watu wazima walilia, na mimi nikachekea ndani ya mkono wa gauni, kwamba hawa wanalilia mifugo.

Baba yake Klotilda alijifuta uso kwa kofia. "Bon. Mutoto mumemupata. Mulete pombe."

Tangu hapo wahuni wa daftari walialikwa kila mahali, kuanzia Mahoko hadi Petite Barrière, kule mpakani. Na kwenye posa za majirani zetu ikawa desturi: kabla ya sifa, wanatajwa kwanza wale ambao hawakufika.

Miaka mingi baadaye, nikimenya viazi na wifi yangu Klotilda, nilimtania kuhusu baba yake na Bihogo wake. Akaweka kisu chini.

"Papa hakufugaka ngombe hata siku moja," akasema. "Bihogo ni kaka yangu mukubwa. Ni vile Papa alikuwa anamuita akimudekeza. Tangu vita, hakukuwa mutu wa kumutaja kwetu."

Niliendelea kumenya, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Huwa nayarudia majina yale yaliyozunguka turubai, moja moja, na sijui tena yapi yalikuwa ya ng'ombe.